Kura Hupigiwa Hodi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyorudi nyumbani nikiwa nimeupigia kelele mji mzima wa Bagamoyo tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Sauti ilikuwa imenikauka, moyo umejaa furaha, nikidhani nimeshampatia mjomba wangu ushindi wa uchaguzi. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya wasichana, najua kusoma na kuandika, na mtu wa miaka ishirini anayejua kusoma katika mji ambao wengi hawajui, huyo haambiliki. Nakwambia mapema kwamba katika habari hii tulishinda, tena tulishinda vizuri, kwa hiyo usikae roho juu. Ila hatukushinda kwa kelele zangu.

Mambo yalikuwa hivi. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko bomani, lakini watu wameshaanza kumtazama kwa jicho jingine. Baraza la mji wetu siku zote wajumbe wake walikuwa wakiteuliwa tu na wakubwa. Safari hii ikatangazwa kwamba kiti kimoja kitapigiwa kura, na mpiga kura ni kila mwenye nyumba ndani ya mji ambaye jina lake limo katika daftari la wenye nyumba. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, kila mgombea alipewa picha yake. Mjomba wangu, Mzee Rajabu, fundi cherehani, alipewa picha ya mkasi. Mwenzake, Bwana Mbaruku, mwenye duka kubwa la mabati na saruji, alipewa picha ya taa.

Bwana Mbaruku hakuwa mtu mbaya, na sitaki umchukie. Alikuwa na adabu, akisali safu ya mbele, akisaidia kuzika maiti wasio na ndugu. Lakini alitaka mji upendeze kama alivyoona yeye. Alisema wazi kwamba akiingia barazani ataomba ipitishwe amri: nyumba zote za mitaani ziezekwe mabati, na asiyeweza avunjiwe, apewe kiwanja huko nje ya mji, mashambani. Na nyumba yetu, mwanangu, ilikuwa ya makuti. Bibi yangu alimwachia mama, na mama alipofariki, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ule, akaniachia mimi. Humo alizaliwa na humo alifia. Mabati ya kufunika paa lile hatungeyapata hata mjomba angeshona kanzu za mji mzima. Basi kwangu kiti kile hakikuwa kiti cha heshima. Kilikuwa paa la mama yangu.

Sasa sikiliza nilivyofanya mimi msomi. Mjomba alikuwa na rafiki yake wa Kerege mwenye lori la kubebea nazi. Nikaliazima. Nikaenda kwa fundi wa vibatari, nikamwambia anikunjie bomba refu la bati, jembamba huku na pana kule, la kukuza sauti. Nikaandika karatasi kwa wino mwekundu, JINA NI RAJABU, ALAMA NI MKASI, nikazibandika kila ukuta kwa uji wa muhogo. Mbuzi walizila karatasi zile kwa ajili ya ule uji, lakini hilo nililijua baadaye. Asubuhi hiyo nikakaa kando ya dereva, nimejifunika buibui langu, bomba nimelitoa dirishani, tukazunguka mitaa yote. Wazee wengine walishika vichwa. Mtoto wa kike, tena mwalimu, anapiga kelele kutoka ndani ya lori! Mimi nikaona wivu tu wa watu wa zamani.

Tulisimama kila penye baraza la kahawa. Wanaume walinisikiliza, wakapiga makofi, wakasema, "Naam, mwalimu! Mkasi! Mkasi!" Kila baraza lilisema ndiyo. Nikarudi nyumbani nimeshajenga ghorofa hewani.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Tatu. Huyu alikuwa mwalishi, kazi ambayo ninyi wa siku hizi mmeiua kwa kadi na simu. Zamani huku pwani, mtu akiwa na harusi hatangazi. Anamtuma mwanamke mwenye ulimi mzuri na miguu isiyochoka, apite nyumba kwa nyumba, amwalike kila mtu kwa jina lake. Asiyealikwa kwa jina haji, hata kama ni dada wa bwana harusi, na hasemi kitu. Anabaki kwake anachambua mchele. Bi Tatu alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mama yangu hajaolewa. Alikuwa mwembamba, mweusi, ana jino moja la mbele lililokatika, na maneno yake yalikuwa yakiuma.

Alinikuta uani nakunywa maji.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Nimekusikia toka asubuhi, hata kuku wangu wamekusikia. Umewaona akina nani?"

"Watu wote. Baraza la sokoni, baraza la msikitini, la mtaa wa Dunda. Wote wamesema ndiyo."

"Mzee Shabani wa baraza la sokoni anakaa nyumba ya nani?"

"Ya mkewe."

"Bakari muuza tende?"

"Ya dada yake."

"Na wale vijana wa msikitini waliokupigia makofi?"

"Ni wapangaji wa Bi Mwanahawa."

Nikakitua kikombe cha maji.

"Mwanangu Zuhura," akasema, "wewe umekwenda kuposa kwa mpangaji."

Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu alisema kweli. Mji wetu ule nyumba nyingi zilikuwa za wanawake. Wanaume walisafiri wakafia ugenini, nyumba zikabaki kwa wake. Na baba mwenye busara alikuwa akimjengea binti yake nyumba mapema, ili mume akimwacha asihangaike na mizigo kichwani. Nilikuwa nakijua kitu hicho tangu utotoni. Mimi mwenyewe nilikuwa mwenye nyumba, jina langu limo katika daftari, na bado nilipotafuta kura nilikwenda kuzitafuta kwa wanywa kahawa. Hivi ndivyo elimu isiyokuwa na macho inavyokuwa.

"Lakini Bi Tatu," nikajitetea, "hata hao wanawake wamesikia. Gari limepita milangoni kwao."

"Limepita. Na gari la chumvi hupita. Kelele za mlango zilimnyima nani usingizi? Kwani harusi tunaialika kwa lori?"

"Hii si harusi, ni uchaguzi."

"Tofauti yake nini? Wataka watu watoke kwao, wavae, waje mahali fulani siku fulani kwa ajili yako. Kazi hiyo mimi naifanya toka wewe hujazaliwa, na sijawahi kualika harusi ikakosa watu. Kesho vaa viatu vizuri."

Kesho yake nikavaa viatu vizuri. Lori nikalirudisha Kerege na bomba la bati nikampa dereva kama asante. Nasikia alilifanya faneli ya kumiminia mafuta ya taa, na hiyo ndiyo kazi pekee ya maana liliyopata kuifanya.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa ya Bi Kibibi, mama mtu mzima aliyekaa na mjukuu wake, na aliyekuwa amemnunia mjomba wangu siku nyingi. Bi Tatu alibisha hodi, akangoja, akabisha tena, akangoja. Tulipokaribishwa akakaa jamvini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusema habari za mkasi, akanikanyaga mguu. Yule mjukuu alikuwa na homa. Bi Tatu akamgusa paji la uso, akauliza homa imeanza lini, wamempa nini, akaniambia nikimbie nyumbani kwake nilete majani ya mwarobaini. Nikaenda, nikarudi. Tukaulizana habari za mzee aliyeanguka chooni mtaa wa pili. Nikahesabu moyoni nyumba zilizobaki, nikaona tutamaliza mwakani.

Ndipo Bi Tatu akajitengeneza kanga, akakaa wima, sauti ikabadilika. "Kibibi binti Juma, nimetumwa. Rajabu bin Ali, fundi cherehani, kaka wa marehemu mama yake Zuhura huyu, anakusalimu na anakuomba. Jumamosi pale shuleni watu wanachagua. Anaomba uje wewe mwenyewe kwa miguu yako, utie karatasi yako kwenye sanduku la mkasi, ili watu wasivunjiwe nyumba zao. Ujumbe umefika?"

"Umefika," akasema Bi Kibibi.

Bi Tatu akasimama, tukaaga. Tulipofika njiani nikamwambia, "Mbona hukumwuliza kama atakuja?"

"Kamwe usiulize hivyo. Watu wetu wana haya. Ukimwuliza atakwambia ndiyo ili uondoke, na akishasema ndiyo asiyoitaka, atakukimbia sokoni kama mwenye deni. Wewe fikisha, umwachie mwenyewe."

Hili nalisema na kwako, mwanangu, wewe unayekaa ofisini na wenzako mnahesabu watu waliobonyeza kidole kwenye simu kusema wanaupenda uso wa mgombea wenu. Mimi mabaraza matatu yaliniambia ndiyo kwa makofi. Nilikuwa nimekusanya ndiyo nyingi kuliko majani ya mwembe, na kura hata moja sikuwa nayo.

Wiki hiyo Bwana Mbaruku naye hakulala. Alichinja ng'ombe, akapika pilau masufuria makubwa makubwa, akamtuma mpiga mbiu atangaze: njooni nyote. Mkono mtupu haulambwi, naye alilijua hilo. Mji mzima ulikwenda. Bi Tatu alikwenda, akala, akaomba na ukoko. Mimi nilinuna, nikamwuliza vipi anakula chakula cha mpinzani. Akaniambia pilau ilikuwa nzuri ila kitunguu kimeungua kidogo, na kwamba pale watu walikula bila kujuana na mwenye chakula, kwa sababu aliyeitwa kwa neno "nyote" hakuitwa na mtu. Kisha akajipangusa mikono, tukaendelea na nyumba zetu.

Siku ya nne alinipima. Akanigawia mtaa wote wa Magomeni, hapo hapo mjini kwetu, niupite mwenyewe. Nilitoka asubuhi, nikabisha hodi, nikauliza wagonjwa, nikatoa pole za misiba, nikafikisha ujumbe kwa jina na jina la baba. Nilikuwa nimeipata ile kazi, na raha niliyokuwa nayo siwezi kukueleza. Milango iliyokuwa imenyamazia lori langu sasa ilinipa chai na mihogo ya kuchoma. Alasiri nikarudi, nikamkuta Bi Tatu barazani kwake anatafuna tambuu.

"Ulianza nyumba ipi?"

"Ya Bi Saada, ya pembeni."

"Na kwa Mwanahawa ulikwenda saa ngapi?"

Nikatazama chini. "Nimeipita ile."

Akaacha kutafuna.

Lazima nikueleze Bi Mwanahawa alikuwa nani. Alikuwa mkuu wa chama kimoja cha ngoma ya wanawake, na mama yangu alikuwa mkuu wa chama cha pili. Walishindana tangu ujana wao, kwa nguo, kwa karamu, kwa nyimbo za mafumbo ambazo kila mtu alijua zinamsema nani. Isitoshe alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa mji alikuwa amewacheza unyago yeye, na akisema keti, walikaa. Nyumba zake zilikuwa na mabati tayari, kwa hiyo amri ya Bwana Mbaruku isingemgusa hata unywele. Lakini sikumpita kwa hayo. Nilimpita kwa sababu mama yangu alipofariki hakuja msibani. Msiba haualikwi, mwanangu. Kwenye msiba huenda hata adui. Siku tatu nilikaa kwenye jamvi nikiwatazama wanaoingia, naye hakuingia, na nikaapa moyoni kwamba mlango wake sitaukanyaga mpaka nife.

Nikamwambia Bi Tatu hivyo hivyo. Nilidhani atanihurumia, maana alimpenda sana mama.

"Zuhura," akasema taratibu, "unaalika harusi ya watu au unaalika ya kwako?"

Akatema tambuu.

"Chuki ni yako, kaa nayo, ilee, ikikua uiozeshe. Lakini makuti yale ni ya watu. Bi Kibibi amekukosea nini hata avunjiwe nyumba kwa ajili ya kisirani chako? Hukuniona mimi siku zote naanza wapi? Mwalishi huanza na mlango ulionuna. Aliyenuna akialikwa wa kwanza, mtaa mzima unasema, kama yule kaombwa, sisi ni nani? Akirukwa, anapata habari kabla hujafika nyumba ya tatu. Sasa hivi Mwanahawa ameshaambiwa na watu saba kwamba umepita mbele ya mlango wake ukatazama upande wa pili. Usipoziba ufa, mama, utajenga ukuta. Na siku zenyewe zimebaki mbili."

Nililia, sikufichi. Nililia kwa hasira kwanza, maana nilijiona nimeonewa, halafu nikalia kwa hofu. Niliingia ndani nikatazama juu, makuti yetu yale ya kuvuja upande wa jikoni, nikaona nimeyavunja kwa mkono wangu. Asubuhi nikavaa, nikaenda Magomeni peke yangu.

Bi Mwanahawa alikuwa ndani ya ukumbi wake anasuka ukili wa mkeka. Alikuwa mnene, mzuri bado, ana kipini cha dhahabu. Aliniona mlangoni akaendelea kusuka.

"Shikamoo, mama."

Mikono yake ilisuka, ikasuka. Mtu akikunyima marahaba, mwanangu, utatamani akupige kofi. Nilisimama pale pale mlangoni.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Karibu uketi, kama jamvi langu halitakuunguza."

Nikakaa. Maneno yote niliyofundishwa yakanipotea. Wagonjwa wa nyumba ile sikuwajua, misiba yao sikuijua. Nikasema tu kilichokuja. "Nimechelewa kuja, mama. Ilinipasa kuanza hapa."

"Nani aliyekuchelewesha? Rajabu?"

"Hapana, mjomba hajui. Ni mimi. Nina kinyongo na wewe tangu msiba wa mama."

Ndipo akauweka ukili chini. Akanitazama, na nilipoyaona macho yake nikajua kuna jambo silijui.

"Mimi nilikuja," akasema. "Siku ile ile. Nimebeba udi na doti ya kanga nyeupe. Sikutaka kupita mbele, watu wasiseme Mwanahawa kaja kujionyesha, nikapita mlango wa uani. Shangazi yako akanisimamisha pale. Akaniambia marehemu kaacha neno nisiingie. Nikarudi na udi wangu. Zuhura, mimi na mama yako tumetukanana miaka ishirini kwa nyimbo, na hakuna mtu aliyenifanya nivae vizuri kama yeye. Ameondoka, sasa nashindana na nani?"

Shangazi yangu wakati huo alikuwa ameshahamia Pangani kwa wanawe, na baadaye naye akafa. Mpaka leo sijui kama mama kweli aliacha neno lile. Siamini. Lakini siku ile sikuuliza kitu. Nilimshika Bi Mwanahawa miguu, nikamwambia, "Nisamehe, mama yangu," na tukalia sote wawili, wala hatukuwa wanawake wa kulialia.

Alipokwisha kujifuta akarudia ukavu wake. "Haya, umetumwa nini?"

Nikakaa wima. "Mwanahawa binti Shomari, nimetumwa. Rajabu bin Ali anakusalimu na anakuomba." Nikasema yote, mpaka mwisho. "Ujumbe umefika?"

"Umefika. Nenda."

Hakusema zaidi, nami nilikuwa nimefundishwa nisiulize. Nikaenda zangu. Nilipopita mlangoni nikaona kanga mpya juu ya kabati lake, na huko njiani jirani yake mmoja akaninong'oneza kwamba ni zawadi kutoka kwa watu wa Bwana Mbaruku.

Jumamosi ikafika. Masanduku yaliwekwa chumba kimoja cha shule, na mimi nilisimama chini ya kivuli cha ukuta nikitazama njia. Wa kwanza kuja walikuwa wanaume. Wakaja watu wa Bwana Mbaruku na tarumbeta, wanacheka, wanaingia na kutoka. Akaja Bi Kibibi na mjukuu wake mzima wa afya, wakaja wanawake wa Dunda wawili wawili. Wa Magomeni hawakuonekana. Saa tatu, saa nne, saa tano, njia ya Magomeni tupu. Mjomba wangu alikuwa amekaa kwenye jiwe na futi yake ya kupimia nguo shingoni, ameisahau kuivua, anaisokota. Bi Tatu peke yake ndiye aliyekuwa anatafuna tambuu kama kawaida.

"Bi Tatu, hawaji," nikamwambia.

"Umewahi kuona wanawake wa maana wakifika harusini mapema?"

Na hapo hapo, mwanangu, nikaanza kusikia harufu ya udi.

Walikuja njia nzima. Hawakupiga ngoma wala hawakuimba. Wamevaa kanga za sare, zile za chama chao, nyekundu na nyeupe, wamejifukiza, wengine wana asumini kichwani, kila mmoja ameshika cheti cha nyumba yake mbele ya kifua. Mbele yao Bi Mwanahawa, na kando yake, Mungu ni shahidi, wanawake wa chama cha marehemu mama yangu, nao katika sare yao ya buluu. Vyama vile viwili havijawahi kutembea njia moja toka vianzishwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapitia, nyumba kwa nyumba, siku ile iliyobaki. Watu wa tarumbeta waliishusha tarumbeta yao. Askari wa mlangoni akasogea bila kuambiwa.

Bi Mwanahawa alipofika nilipo akasimama, anahema kwa unene wake, akanikazia macho mbele za watu wote. "Harusi gani hii, binti, haina viti?"

Mwanangu, nilikimbia! Nilikimbia darasani nikabeba kiti cha mwalimu mkuu kichwani. Watu walicheka, yeye akakaa, akapepewa, akaingia kupiga kura yake kama malkia, na waliobaki wakafuata mmoja mmoja mpaka jua likapita utosi.

Baada ya alasiri matokeo yakasomwa. Sikusikia hesabu yenyewe, kwa sababu msimamizi alipotaja mkasi vigelegele vilipaa mpaka akakunja karatasi yake. Ushindi haukuwa wa kuvizia, ulikuwa wa wazi, wa mchana. Mjomba akabebwa juu na futi yake shingoni. Bwana Mbaruku, kwa adabu yake, akaja kumpa mkono.

"Mzee Rajabu, umenishinda kwa wanawake."

"La, bwana," akasema mjomba, "nimekushinda kwa wenye nyumba."

Amri ile ya mabati haikupitishwa kamwe. Hakuna nyumba hata moja iliyovunjwa. Kila mtu aliezeka mabati siku aliyoweza. Mimi niliezeka yangu kwa mshahara wangu, baada ya miaka mingi, kwa kupenda kwangu, na mwezi mzima nililalamika joto. Ijumaa iliyofuata uchaguzi, Bi Mwanahawa alikuja nyumbani kwetu kupitia mlango wa mbele. Alileta udi. Tukakaa kwenye chumba cha mama, tukamsomea Fatiha, mimi na yeye na Bi Tatu.

Sasa mwanangu, umeniambia chama chenu kimekupa kazi ya kumtafutia mtu kura, mna mabango makubwa barabarani mpaka Chalinze, mna nyimbo, mna magari yenye vipaza sauti vinavyotikisa madirisha. Sikukatazi. Hata mpiga mbiu ana kazi yake, na mimi nilishika bomba kabla yako. Lakini jua kwanza kura ni ya nani, kabla hujaipigia kelele. Mara nyingi anayepiga makofi si yeye mwenye nyumba. Ukimjua, nenda kwake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nawe utainama kwenye milango mifupi. Mwite kwa jina alilopewa na baba yake. Uliza mgonjwa wake kabla ya kusema la kwako, na uwe unataka kweli kujua, kwa maana watu wetu wananusa uongo haraka kuliko samaki aliyechina, aliyeanza kuoza. Usimkamue ahadi. Usimtume mtu kusema usiyoweza kusema mwenyewe. Na kama kuna mlango ulionuna, kwa ajili ya chama, au ukoo, au neno lililosemwa zamani, anza hapo, tena uanze na kosa lako. Ukiweza kuingia huo, mingine itajifungua. Usipoweza, hata ukishinda, utamtawala mtu ambaye hukuthubutu kumsalimia.

Nenda sasa, jua halijawa kali. Mola akupe miguu ya kufika, ulimi wa kusema pole kabla ya kusema naomba, na siku utakapofungiwa mlango usoni akupe moyo wa kurudi kesho yake. Ushinde, mwanangu, na ushindi wako uwe ule ambao hata uliyemshinda anaweza kuja kukupa mkono. Amina.